Simu ya kazi iliyonishinda kurudisha

Admin, nakuomba jina langu ulifunike kabisa, huyu mtu nitakayemweleza anasoma kurasa kama hizi. Mi ni dada wa miaka ishirini na saba, naishi Jabe, hapa Bujumbura, na mama yangu mjane na binti yangu mdogo. Nafanya vibarua nikiwa nyumbani: natengeneza matangazo kwa kompyuta, najibu meseji za wateja wa watu wenye biashara.

Mwaka jana nilipata mteja anayepeleka wasichana kufanya kazi za ndani Uarabuni. Nilikuwa namwita Patron, yaani bosi. Alinipa kompyuta na simu, akachukua kopi ya karangamuntu yangu, eti kitambulisho kinatakiwa kwenye mkataba. Kazi yangu ilikuwa kuwajibu wasichana. Wakiuliza kama huko kuna usalama, nawatumia sauti yangu: "Usiogope dada, utapokelewa kama ndugu." Wallahi, niliamini ninachosema.

Halafu walioondoka wakaanza kunyamaza. Mama mmoja wa mtaa wa Mutakura akanipigia analia. "We binti, mutoto wangu iko wapi? Simu yake haiingie tena!" Nilipomuuliza Patron, alicheka. "Jibu wapya. Wa zamani waache." Hapo hapo nikamwambia naacha kazi. Hakugomba. "Sawa, dada. Rudisha vitu vyangu, na usifute kitu."

Nikabeba kompyuta na simu hadi ofisini kwake. Mlango una kufuli, kibao kimeng'olewa. Fundi cherehani wa jirani akasema wamehama bila kumuaga mtu. Nikiwa bado nimesimama pale, Patron akapiga: "Ondoka hapo mulangoni. Rudi kwa mama yako, mutu atakuja kuchukua." Mi sikuwa nimemwambia niko mlangoni.

Nimefika nyumbani, ile simu ya kazi ikapokea ujumbe wa sauti. Alikuwa msichana nitakayemwita Zaina, nilimjibu mwenyewe siku zote kabla hajasafiri. Alikuwa ananong'ona. "Dada, ni mi. Walitunyang'anya pasipoti. Tuko wengi mu chumba kimoja, wanatufungia. Usizime hii simu, ni namba moja tu niko nayo mu kichwa." Nikapiga ile namba aliyotumia, haipatikani.

Nilimpigia Patron, nikamwambia Zaina ana shida. Akaongea polepole kama mtu anayembembeleza mtoto. "Dada, hiyo laini iliandikishwa na karangamuntu ya nani? Wale wasichana wanajua sauti ya nani? Mi hawanijue. Toa simu, utulie."

Mtu aliyetumwa na Patron alikuja na gari, mwanaume mnene mwenye adabu nyingi. Nikampa kompyuta. Simu nikadanganya iko kwa fundi, kule Kamenge. Akatabasamu: "Apana shida, dada. Nitaingojea."

Kumbe alisema kweli. Tangu jana gari lake liko ng'ambo ya nyumba yetu. Asubuhi binti yangu aliingia ndani anakula biskuti, akasema amepewa na tonton, yaani mjomba, wa gari, na kwamba huyo tonton amemuuliza anasoma shule gani. Mama akampokonya ile biskuti, akaketi chini. "Mwanangu, mupe vitu vyake. Mali ya mutu ikilala kwako, na balaa yake inalala kwako."

Ndugu zangu, nikiirudisha, siku Zaina akipata tena simu ya kuazima, atakayempokea ni Patron. Nikibaki nayo, mtoto wangu hawezi kutoka nje. Nikienda polisi, jina la kwanza watakaloliona ni langu, na sauti ni yangu.

Mnaotaka kunitukana, nitukaneni kesho. Leo nishaurini tu: simu hii nimpe, au nifanye nini? Andikeni haraka. Yule mwanaume ameshuka kwenye gari, anabisha mlango, anamwita mama yangu kwa jina.