Kadi Niliyosema Haipo

Mjukuu wangu ni fundi wa kompyuta. Juzi alinieleza kwamba ndani ya mashine mna programu iitwayo draiva. Programu nyingine zikitaka kitu kilichohifadhiwa, haziendi zenyewe. Huituma hiyo, maana ndiyo ijuayo kabati la kumbukumbu hufunguliwaje. Nikamuuliza, ikikikosa husemaje? Akacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu kazi hiyo niliifanya kwa mikono miaka ya hamsini, katika hospitali moja ya Tanga.

Nilikuwa karani wa masjala. Daktari hakujua droo zangu zimepangwaje wala hakutaka kujua. Alimtuma mhudumu dirishani, nami nikatoa kadi iliyomwambia daktari mgonjwa wake aliwahi kuugua nini na dawa gani ilimdhuru. Kadi zilipangwa kwa majina, na nilijivuna nazo kupita kiasi. Aliyegusa droo yangu alikiona cha moto.

Asubuhi moja alikuja mama mmoja wa Kibondei kutoka njia ya Amani. Mumewe alikuwa wodini na kichomi, hawezi kutamka neno, na mzee baba mkwe wa mama huyo amekaa naye. Nikamuuliza jina la mgonjwa. Akainama, akataja jina la kifunguamimba wao, akalitangulizia "Baba".

"Nataka jina lake, mama, si la mtoto."

"Ndilo hilo, bwana karani. Ndilo tumwitalo."

Nilijua fika kilichomfunga ulimi: kwa mila, mke hamtaji mumewe wala baba mkwe kwa jina. Mama yangu mwenyewe hakupata kumtaja baba kwa jina, na jina la pili, ambalo ni la baba mkwe, asingelitamka hata kwa fimbo. Ilitosha nikamwite yule mzee, hatua ishirini tu. Lakini foleni ilikuwa ndefu, na mimi nina hasira za karibu. Nikatafuta kwa jina nililopewa, sikuona kitu. Mhudumu akaja mbio.

"Daktari anauliza, mgonjwa ana kadi?"

"Hana," nikasema, nikampa kadi mpya.

Ningesema "sijaiona", daktari angemuuliza mzee kwanza. Lakini "hana" maana yake mtu huyu hajapata kutibiwa hapa. Wakamchoma penisilini. Hakumaliza robo saa.

Mchana wakaja wote wawili, yule mama na mkwewe, kuchukua kibali cha kuzika. Nikampa mzee shikamoo, nikamuuliza jina la marehemu, akalitaja lote, la mwanawe na lake. Nikavuta droo. Kadi ilikuwemo, na juu yake kwa wino mwekundu imeandikwa: asichomwe penisilini, nusura imuue. Mwandiko ulikuwa wangu.

Nikairudisha, nikasukuma droo, nikawaandikia kibali.

"Ahsante, bwana karani," akasema yule mjane. "Umetuhangaikia tangu asubuhi."

Nikamwambia, haya mama, poleni. Nilikuwa na nafasi ya kusema pale pale, mlango haujafungwa. Nikawaacha waende wakamzike, wakijua kwamba kimemuua kichomi.