Mtungi wa Sinagogi Yetu

Juzi nilikwenda Kitangari kumwona mjukuu wangu aliyejifungua. Nikamkuta mama mmoja amefungua bomba, ndoo imejaa pomoni, maji yanamwagika chini, naye anapiga soga na mwenzake wala hana habari. Nilimgombeza hata mwenyewe nikaona haya. Mjukuu wangu akacheka, akasema, "Bibi, hayo ni ya bomba, hayaishi." Nikamwacha. Mwenye kichanga mkononi huna la kumweleza akasikia. Lakini wewe mwenzangu umekaa, basi nitakueleza wewe.

Nilizaliwa huku huku juu, upande wa Newala, zama za Mjerumani. Maji yalikuwa bondeni. Wanawake waliondoka jogoo la kwanza, wakashuka mteremko kwa njia ya mguu mmoja, wakangoja zamu kisimani, na waliporudi na mitungi kichwani jua lilikuwa limekwisha kuwa kali. Maji ya kunawa uso tulipimiwa kwa kifuu. Ukimwaga kifuu chako umekwisha, utakwenda shuleni na matongo yako. Hata maji yaliyochemshia ming'oko, viazi vyetu vya porini, hayakumwagwa ovyo, aliwekewa mbuzi.

Kijijini petu palikuwa na nyumba ya sala: miti, udongo, paa la nyasi, magogo ya kukalia. Padre alikaa misheni huko Masasi, akapanda kwetu mara chache kwa mwaka. Siku nyingine zote tulikuwa na mwalimu, mtu mwembamba mwenye kanzu moja, aliyetufundisha kusoma asubuhi na kutusalisha humo humo asubuhi na jioni. Yeye ndiye aliyeiita nyumba ile sinagogi. Alituambia Wayahudi walikuwa na hekalu moja tu, na wengi wao walikaa mbali nalo, basi kila kijiji kilikuwa na nyumba yake ya kukusanyika, kusoma na kuomba. "Hekalu letu liko Masasi kwa padre," alisema. "Hapa ni sinagogi." Jirani yetu, Mwislamu aliyeuza chumvi na kaniki, neno lile lilimfurahisha sana. Akipita mlangoni aliuliza, "Je, Mayahudi wangu, mmesali leo?" Na mwalimu humjibu, "Tumesali, na wewe tumekuombea."

Kengele hatukuwa nayo. Mwalimu aligonga jembe bovu lililotundikwa mtini, nasi tukaingia, tunanukia moshi na mafuta ya ufuta. Kitabu kilikuwa kimoja, mkononi mwake. Yeye alisoma mstari, sisi tukaitikia mstari unaofuata, na sehemu yetu tuliijua kwa moyo. Vikongwe wasiojua Kiswahili waliitikia kwa lafudhi zao, maneno mengine wamejitungia, naye hakuwasahihisha hata siku moja. Sisi watoto alitusahihisha mpaka tukakoma. Alipenda Kiswahili kilichonyooka. Ukikosea alikurudisha mwanzo, na sentensi ikikaa sawa alisema tu, "Hakuna kosa." Mimi niliambiwa hivyo kuliko wenzangu wote. Nilikuwa na kiburi, sitakudanganya.

Sasa, shida ilikuwa Jumapili. Mwanamke aliyeshuka bondeni hawezi kuwahi sala, na aliyewahi sala nyumbani kwake hapana tone. Mwalimu akawaza, akawaambia wanawake kwamba Wayahudi hutengeneza mambo yao yote siku iliyotangulia, wapate kupumzika siku ya Mungu. Akaweka mtungi mkubwa ndani ya nyumba ya sala. Kila Jumamosi kila nyumba ilimimina humo kibuyu kimoja. Jumapili mwalimu aliuombea mtungi, kila mtu akanywa kata moja, na yaliyobaki wakagawiwa wazee na wagonjwa. Siku hiyo hakuna aliyeshuka bondeni. Sijaona tena wanawake wa huku wamekaa kitako asubuhi nzima, wamenyoosha miguu, wanasukana.

Bibi yangu hakuwa amebatizwa wala hakutaka. Alikuwa na ndonya kubwa ya mti kwenye mdomo wa juu, na akicheka ilitikisika. Kila Jumamosi alimimina kibuyu chake akinung'unika, "Mungu wenu ana kiu kuliko mbuzi wangu." Lakini hakukosa hata Jumamosi moja. Alimimina, akatoka, akaenda zake.

Ndipo vita vikaja. Kwanza vilikuwa maneno tu, kwamba huko magharibi watu wananyweshwa maji ya dawa na risasi za Mjerumani haziwapati. Halafu tukasikia mapadre wamekimbilia pwani. Mwalimu hakukimbia. Wakubwa walianza kunong'ona, na nikiingia walinyamaza. Sisi watoto hatukuambiwa kwamba neno maji limekuwa neno la kumuua mtu. Mambo ya wakubwa yalikuwa ya wakubwa.

Ilikuwa Jumamosi, jua la saa nne. Wanawake walikuwa wamekwisha mimina, mtungi umejaa mpaka shingoni, nami ninafagia ndani. Wakaingia askari wanne, watu wa mbali, lugha zetu za huku hawazijui. Mkubwa wao akautazama mtungi.

"Wewe mtoto, mtungi huu wa nini?"

Ningalijibu kwa Kimakonde ningalisema ni medi, ndiyo maji kwetu, naye asingalielewa, pengine angalipita zake. Lakini niliulizwa kwa Kiswahili, na mimi ndimi niliyekijua. Nikasimama wima kama darasani, nikasema, "Shikamoo bwana. Haya ni maji ya sala. Kila nyumba huyaleta, mwalimu huyaombea, kisha sote tunayanywa."

Walimkuta mwalimu shambani kwake, wakamleta amefungwa mikono kwa kamba. Aliwaeleza kwa upole, kwamba huku maji ni mbali, kwamba Jumapili ni siku ya kupumzika. Mkubwa wao akasema, "Mtoto amekwisha sema. Unataka kusema mtoto ni mwongo?" Mwalimu akanitazama, akanyamaza. Wakaupindua mtungi. Maji ya kijiji kizima yakaingia ardhini mbele ya wanawake walioyabeba, na hakuna aliyetoa sauti.

Isipokuwa bibi. Alijitokeza akamkabili yule mkubwa wao, akasema kwa Kimakonde kwamba ni medi tu, ya kunywa, hata yeye asiyesali huyaleta, na akitaka ashuke naye bondeni aone yanavyopatikana. Askari hakuelewa hata neno. Bibi akanigeukia, "Mwambie. Mwambie hayo niliyosema." Jirani wa chumvi alikuwa safarini. Mwenye Kiswahili pale, zaidi ya mwalimu mwenyewe, nilikuwa mimi. Nikafungua kinywa, sauti haikutoka. Bibi akanitikisa bega. Haikutoka.

Walipompitisha mwalimu mbele yangu nilikuwa ninalia. Akapunguza mwendo, akasema taratibu, "Ulisema vizuri. Hakuna kosa." Wakamsukuma, wakaishika njia ya kushuka.

Kesho yake hakuna aliyegonga jembe, lakini watu walikuja. Kitabu kilikuwa pale juu ya gogo na hakuna aliyekigusa, hata mimi niliyejua kukisoma. Tulikaa. Mwisho kikongwe mmoja akaitikia, kana kwamba amesikia mstari umesomwa. Tukamfuata. Kisha tukanyamaza kadiri mwalimu alivyochukua kusoma mstari wake, tukaitikia tena. Hivyo mpaka mwisho wa sala, maneno yetu na kimya chake. Bibi yangu aliingia, akakaa gogo la nyuma. Tulipotoka aliniuliza, "Pale mnaponyamaza ni zamu ya nani?" Nikamwambia ni ya mwalimu. Akasema, "Basi mwachieni." Tangu siku hiyo hakukosa sala, na zamu ile kila mtu aliilinda.

Jirani aliporudi safari alikwenda Lindi makusudi kumwulizia mwalimu bomani. Aliambiwa asiulize mara ya pili. Alipopita tena mlangoni kwetu hakutania.

Tulisali hivyo masika yote, na baada yake njaa ya vita, tukila mizizi ya porini. Mtungi mwingine hatukuweka. Kila mwanamke alirudia kushuka kwa siku yake, Jumapili kama siku nyingine. Leo mahali pale pana kanisa la mabati na kengele ya kweli, na ukilitaja neno sinagogi vijana wanadhani unasoma Injili. Sikuwahi kumweleza mtu kwa nini mimi, niliyekuwa wa kwanza darasani, sikutaka kuwa mwalimu.

Njaa ile ilipokwisha, padre alirudi siku moja na kijana aliyevaa kanzu mpya. Watu walishangilia, nami nilishangilia. Jioni tukaingia kusali. Kijana akafungua kitabu, akausoma mstari wa kwanza kwa sauti nzuri, pale pale tulipokuwa tukinyamaza. Wenzangu wakaitikia. Bibi yangu akainuka, akatoka nje, nami nikamfuata, kwa sababu wote wawili tulikuwa tumeelewa kwamba mwalimu amekufa.