Kiti cha Kusikilizia Lori

Sauti ninayoikumbuka kuliko zote katika Busia ya miaka ya sabini ni ngurumo ya malori yaliyopanga foleni kuelekea mpakani, injini zikiwaka, mpaka vikombe vyetu vikagongana kabatini. Baba alikuwa fundi wa malori, na gereji yake ilikuwa ua wetu wenyewe, udongo wake mweusi kwa mafuta. Kila alipomaliza kazi alilijaribu lori hadi Bumala na kurudi, nami, binti yake wa pekee, niliketi kando yake bila viatu, nyayo nimezikandamiza sakafuni. Alinifundisha kwamba mtetemo hufika miguuni kabla ya kufika masikioni. “Nikikanyaga klachi na hiyo sauti ikufe, ni ya injini,” alisema. “Ikiendelea, tafuta kwa magurudumu.” Nyumbani Baba hakuwa mtu wa maneno. Mle ndani ya lori ndimo alimozungumza nami.

Kisha hali ya Uganda ikachafuka, na shangazi aliyeolewa huko akamleta Nabwire, binti yake wa rika langu, akae kwetu. Nilimgawia kitanda, sare na hata rafiki zangu bila kinyongo. Lakini siku Baba alipomwambia naye apande lori, roho iliniuma. Tulibanana kwenye kiti kile kimoja, na nikahakikisha mimi ndiye niliyekaa karibu na Baba.

Siku hiyo lori lilivuma kila lilipokolea mwendo. Baba akakanyaga klachi, mvumo haukuisha. “Ni tairi,” nikawahi kusema, nikijisikia kweli kweli. Nabwire aliendelea kusikiliza mpaka lami ilipokatika tukaingia kwenye murram. “Mjomba, si tairi,” akasema. “Ya tairi ingebadilika hapa. Hii iko vile vile, katikati, chini ya kisigino changu.” Baba alisimama, akaingia uvunguni na kuitikisa propela, ule mhimili mrefu unaozungusha magurudumu ya nyuma. Kiungo chake kilikuwa kimelegea. Alitoka akicheka, akampangusa Nabwire vumbi puani na kumwita “fundi wangu”. Mimi hakuwahi kuniita hivyo. Tuliporudi, yeye ndiye aliyeketi karibu na Baba, nami nikatazama dirishani machozi yakinilenga.

Tangu hapo wakawa wanaongea wao wawili. Kila usiku nilimwomba Mungu Uganda ipate amani, na watu wazima wakanisifu kwa moyo wangu mwema. Amani ilipopatikana, Nabwire akarudi kwao, nikapata kiti changu. Nikasikiliza kwa bidii zote, nikamwambia Baba kwamba beringi ya gurudumu la kushoto inalia. Nilikuwa nimepatia. “Nabwire angekuwa ashaisikia tukitoka hapo nyumbani,” akasema, bila ubaya wowote.

Magari ya siku hizi hayasemi kitu. Langu ni kimya hata Baba husinzia nikimpeleka hospitali. Amezeeka, anaishi kwangu, mimi ndiye ninayemkata kucha na kumpimia dawa. Nikimuuliza amelalaje, hunijibu, “Vizuri.” Lakini jioni simu hulia kutoka ng'ambo. Ni Nabwire, mwenye lori lake la mahindi, akimwigizia kwa mdomo mlio mpya aliousikia barabarani. Baba hufumba macho, humwambia arudie, huuliza, hubisha, hucheka mpaka akakohoa. Mimi ndiye ninayemshikia simu sikioni.