Wanawake Wanaoosha Mgomba Nateete

Ni asubuhi ya Jumamosi na ukungu bado umelalia mabati ya Nateete, mtaa wa Kampala. Nyuma ya duka la vitambaa, katika ua uliozungushiwa ukuta wa matofali, shina la mgomba limelazwa juu ya kitanda cha mbao na kufunikwa shuka. Mvuke wa maji ya majani ya mkunazi unapanda polepole na kupotelea kwenye ukungu. Wanawake wanne wamesimama, mikono ndani ya glavu nene.

"Maji yasimshtue," anasema Umulkheir, mwalimu wao. "Mmiminieni kama mtu aliyelala ambaye hamtaki aamke."

Mmoja anaanza upande wa kushoto. Umulkheir anamgusa mkono kwa kata. "Kulia kwanza, mwanangu. Huoshi gari."

Umulkheir ana miaka sitini na moja, na ni fundi cherehani. Hushona kwenye baraza ya duka hilo, ambalo ni la mdogo wake, Rafiq. Riziki yake inatoka hapo. Kwa kuosha maiti za wanawake halipwi, na anayedhani kuna pesa katika kazi hiyo hajawahi kuifanya. Aliirithi kwa bibi yake, mtu wa ukoo uliofika Kampala na wafanyabiashara wa pwani, na mpaka leo nyumbani kwao wanaongea Kiswahili. Amewaosha wengi wa mtaa huu. Hakuna aliyewahi kusikia neno kutoka kwake kuhusu mwili wa yeyote.

"Jicho la muosha ni pofu," anasema.

Wakati wa korona mikono hiyo ilikaa bure. Amri ilisema anayekufa kwa ugonjwa huo azikwe na watu wa afya waliovaa nguo nyeupe kutoka utosini hadi unyayoni. Hakuna kuosha, hakuna sanda. Mfuko, kaburi, basi.

Nateete haijakubaliana mpaka leo kama amri ile ilikuwa ya haki. Ubishi unaendelea kwenye baraza ya Rafiq, na leo pia yumo jirani yao Ocira, polisi mstaafu aliyetoka Gulu. Wakati ule kazi yake ilikuwa kuwazuia jamaa wasisogelee makaburi.

"Ile watu ya nguo nyeupe ilikuwa naogopa kushinda nyinyi," Ocira anasema. "Mimi niliona na macho."

"Kuogopa si kosa, Afande," Rafiq anajibu. "Kosa ni kutoa amri bila kuuliza. Nani alikuja hapa kutuuliza tunazikaje?"

"Waulize mpaka lini? Ugonjwa ilikuwa nangoja?"

"Siku moja tu. Hata polisi huuliza kabla ya kupiga."

"Wewe hujui polisi," Ocira anasema, na baraza nzima inacheka.

Umulkheir hacheki. Anakubali kwamba serikali ilikuwa na sababu. Ugonjwa uliua, na yeye mwenyewe angeweza kuutoa nyumba hii na kuuingiza ile. Anachokataa ni kuambiwa kwamba haikuwepo njia nyingine kati ya kuosha kama zamani na kutoosha kabisa.

"Zile nguo zilishonwa za wanaume tu?" anauliza. "Mngenivisha, nikaingia."

Ndiyo maana ya masomo haya ya Jumamosi. Muuguzi mmoja anayeswali nao huwafundisha kuvaa nguo za kinga na, lililo gumu zaidi, kuzivua. Umulkheir anafundisha mengine. Mgomba aliuchagua uwe mwili wa kujifunzia kwa sababu ni mzito, unateleza, na ukiushika vibaya unachubuka.

Lakini katika nchi hii zipo koo ambazo mtu akifia mbali na mwili wake usipatikane, huzikwa shina la mgomba badala yake. Majirani waliochungulia juu ya ukuta wakaelewa hivyo: Umulkheir anawaosha, mmoja mmoja, wale waliozikwa bila maji. Habari ikafika Nsambya, ikafika Ntinda, ng'ambo ya jiji. Watu wakaanza kuja na majina ya wafu wao. Umulkheir aliwaeleza kwamba ni mafunzo tu, wakaenda zao.

Mmoja hakwenda.

Naila anauza vitabu vya shule Ntinda. Mama yake, Lailah, alikufa katika wimbi la pili la korona, na Naila alitazama maziko akiwa nyuma ya kamba. Tangu hapo humwota mama yake ameketi kwenye kigoda, nywele zimefumuliwa.

"Hanilaumu," anasema. "Ananiangalia tu, kama mtu anayengoja maji yapate moto."

Alitaka kaburi lifunguliwe, mama yake aoshwe. Kaka zake walikataa, na nyumba ikagawanyika. Aliposikia habari za mgomba alikuja na leso ya marehemu mkononi.

"Bibi, huyu awe mama yangu. Asubuhi moja tu."

Umulkheir alikataa. Alimwambia wazi kwamba wajibu usiowezekana huondoka, na kwamba waliokufa kwa maradhi yale wanahesabiwa mashahidi. Mgomba ni mgomba.

"Nikikudanganya utalala vizuri juma moja," alimwambia. "Halafu utamwota tena, na mimi hutaniamini."

Naila alilia, akakaa chini uani mpaka kivuli cha ukuta kikamfikia. Umulkheir alishona kanzu nzima huku anamtazama. Mwishowe alimletea glavu.

"Mama yako siwezi kukurudishia. Lakini kesho atakufa mama wa mtu. Huyo unaweza kumwosha."

Leo Naila ndiye anayemimina maji. Kata inapanda na kushuka bila sauti. Kwenye kichwa cha shina Umulkheir amefunga nyuzi za mgomba ziwe nywele, na Naila anazigawa mafungu matatu, anasuka. Vidole vinakwama ndani ya glavu. Hakuna anayemharakisha. Harufu ya kafuri imejaa uani.

"Bado namwota," anasema baadaye, akikausha mikono. "Ila juzi alikuwa amesimama."

Wiki iliyopita alimpigia simu kaka yake mkubwa kumwambia waliache kaburi kama lilivyo. Kaka akamuuliza kama amekula.

Umulkheir sasa anataka kwenda kwa wakubwa wa afya wa jiji. Ombi lake ni dogo: kila mtaa uwe na waosha wanaojulikana, waliofunzwa, watakaoingia pamoja na watu wa serikali. Ocira ameahidi kumsindikiza. Anasema anajua mlango gani hufunguliwa na upi hugongwa bure.

Huenda wakakataliwa. Umulkheir analijua hilo, na Jumamosi ijayo atafundisha vilevile.

"Ugonjwa mwingine utakuja," anasema. "Wakija na mfuko wao, watukute mlangoni tumeshavaa."