Anakusalimia

Iko siku moja, mjukuu wangu, naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu. Ilikuwa enzi za Mwingereza, hapa hapa Temeke. Mume wangu, Saidi, alikuwa karani wa simu za maandishi serikalini, zile za kugonga kwa kidole na kusikiliza milio. Kazi ya masikio, na masikio yakaanza kumwacha.

Alificha. Aliweka kidole juu ya mashine akawa anasoma mtikisiko wake. Nyumbani masikio yake nilikuwa mie. Zikaja habari kwamba daktari wa serikali atawapima makarani wote.

"Nenda ukapimwe," nikamwambia.

"Niandikwe kiziwi, Mama Zuhura? Bora niache mwenyewe."

Akaandika barua, akaacha. Mkubwa wake akampa mkono, naye akarudi kifua mbele. Mwanaume na kiburi chake, utamfanyaje!

Baadaye mwenzake wa ofisini, Hamisi, akaja kututazama. Alipiga hodi, nikaitika mimi, tukakaa barazani wote watatu.

"Shemeji," Hamisi akasema, "huyu bwana kajiponza. Angengoja daktari aandike kwamba kazi haiwezi tena kwa ugonjwa, angetoka na kiinua mgongo chake cha miaka yote ile. Aliyeacha mwenyewe hana chake."

Saidi alikuwa akitutazama midomo. "Anasemaje?"

Nikamwinamia sikioni, nikapaza sauti. "Anakusalimia!"

Akatabasamu, akampa Hamisi mkono.

Sikumwambia mpaka anafariki. Nilikaanga vitumbua kila alfajiri, naye akidhani napenda biashara. Wageni wakapungua, maana walipiga hodi mie nisipokuwepo, naye asiitike, wakaona anajivuna. Nililia jikoni kwa sauti, kwani nani angenisikia? Nilikaa na mume nyumba moja, mwanangu, na nilikuwa peke yangu.

Sasa wewe nimekuona unavyosogeza gazeti mpaka puani. Usinicheke, bibi yako bado anaona. Macho hayo usiyafiche kazini. Nenda kwa daktari kabla hujaandika barua yoyote ya kuacha kazi. Ugonjwa ukiandikwa na daktari, haki yako una pa kuidai. Ukiondoka kwa aibu, unaondoka mikono mitupu. Na mkeo mwambie leo, asije akabeba peke yake kama mie.

Mungu akupe afya, mwanangu. Na asipokupa, akupe moyo wa kusema, na mtu wa kukusikia.