Chai Yenye Ngozi

Mama mkwe aliikuta chupa yangu juu ya kabati la vyombo. Alikuwa amefika nyumbani kwetu Kalangalala asubuhi hiyo kutoka Songwa, hata mzigo hajaufungua.

"Mwanangu, hiki kinachoelea humu ni nini?"

"Ni kombucha, mama. Chai iliyochachushwa."

"Mayu wane!" akamaka kwa Kisukuma. "Chai yenye ngozi?"

Hiyo ngozi ni utando mweupe niliopewa na wifi yangu. Ukiutia kwenye chai yenye sukari, baada ya siku kadhaa unapata kinywaji kikali kidogo, chenye gesi. Mama mkwe alicheka mpaka akakaa chini. Lakini amepika togwa, ambayo nayo huchachushwa, maisha yake yote, kwa hiyo kila asubuhi akawa anakwenda kuchungulia.

Ndiye aliyeona madoa ya kijani yenye manyoya juu ya utando.

"Toa hayo kwa kijiko. Chini ni kuzuri."

"Hapana, mama. Ikiota ukungu inamwagwa yote, na utando wake."

Aliniangalia nikimwaga kana kwamba namwaga maziwa. Alininunia mpaka wakati wa chakula.

Wifi alituletea utando mwingine. Safari hii mama mkwe hakutaka nishike kitu. Alisuuza chupa kubwa ya kioo kwa maji ya moto, akanawa mikono hadi viwikoni kama daktari. Chai ilipopoa kabisa, akatia utando pamoja na kombucha kidogo iliyokwisha kuchacha, akafunika kwa kipande safi cha kanga yake.

Ilipokolea, tuliigawa kwenye chupa ndogo zenye vipande vya nanasi, tukawa tunazilegeza vifuniko kila siku zipumue. Moja tuliisahau nyuma ya ndoo, na ndiyo aliyoichukua mume wangu alipotoka mgodini na kiu yake. Pwaa! Kifuniko kikagonga dari, naye akaloa kuanzia kipara hadi mkanda.

"Amebatizwa upya!" mama yake akapiga vigelegele. Tulicheka mpaka mbavu zikauma, huku yeye akilamba masharubu na kuuliza kama imebaki nyingine.

Mama mkwe aliondoka na utando wake mwenyewe, mpya uliojiotea juu ya chai yetu. Juzi alinipigia simu, sauti imejaa majivuno.

"Mwanangu, wanawake wa jumuiya wananijia na chupa. Mmoja kaja na chafu. Nimemrudisha akaioshe!"