Gugu Lililoota kwa Mistari

"Ukitaka kuling'oa, anza kuning'oa mimi!"

Hayo aliyasema wifi yangu akiwa amekaa chini, katikati ya magugu, miguu kainyoosha. Mtu mzima, dada mkubwa wa mume wangu, katulia uani kama kuku anayeatamia.

"Wifi, inuka."

"Siinuki."

"Mimi sina ugomvi na makalio yako. Nina ugomvi na hilo gugu ulilolikalia."

"Basi leo tumeungana, mimi na gugu."

Mume wangu alikuwa pale pale, jembe mkononi. Nikamwangalia yeye. Yeye akaliangalia jembe. Mwanaume ana mke huku na dada kule, akaamua kuoa jembe.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo.

Uani kwetu kulikuwa na gugu karoti. Kwa wasiolijua: majani kama ya karoti, viua vidogo vyeupe, na ukichimba hukuti karoti wala shangazi yake karoti. Ukilishika linawasha. Vumbi la maua yake likimpata mtu mwenye mzio, atajua hajui.

Kwetu lilimpata kitinda mimba wangu, binti tunayemwita Kidomo kwa sababu hajawahi kunyamaza. Alianza kukohoa. Vikaja vipele. Macho yakavimba. Siku moja kifua kikabana mpaka akanyamaza.

Kidomo kunyamaza! Nilimkimbiza hospitali na aproni yangu ya jikoni.

"Nyumbani kwenu kuna gugu karoti?" daktari akauliza.

"Lipo."

"Liondoeni. Akibanwa tena hivi, mnaweza msiwahi."

Nikang'oa. Likarudi. Nikang'oa tena, likarudi limenona kuliko mimi. Majirani wakasema mbegu zake hukaa ardhini miaka. Sawa. Lakini asubuhi ya ugomvi nilisimama nikalitazama vizuri.

Lilikuwa limeota kwa mistari.

Jamani. Diploma yangu ni ya ununuzi na ugavi, si ya kilimo. Lakini hata mimi najua gugu halijui kupanga foleni. Na udongo ulikuwa umelowa, wakati mvua tumeisahau sura yake.

Nikamwita mume wangu alete jembe. Hapo hapo wifi akachomoka chumba cha uani, anakoishi tangu aachike, akatua juu ya magugu.

"Kwa hiyo ni wewe unayelipanda?"

"Na kulimwagilia," akajibu, hana hata chembe ya aibu. "Haya ndiyo maua ya kazi yangu."

Wifi anapamba kumbi za harusi. Mnavijua vile viua vyeupe vinavyojazwa katikati ya maua makubwa? Yeye anajazia gugu karoti. Wateja anawaambia limetoka ng'ambo. Maharusi wamelishika, wamelinusa, wamepiga nalo picha.

"Unawashikisha watu sumu siku ya harusi yao?"

"Hakuna aliyewahi kulalamika."

"Watalalamikaje, wako fungate! Mtu akiwashwa fungate anadhani ni mapenzi."

Mume wangu akacheka. Tukamgeukia wote wawili. Akaacha.

"Kesho nina ukumbi," wifi akasema, sauti imeshuka. "Nisipopeleka maua, jina langu limekwisha. Wewe una mume na una ajira. Mimi nina haya majani."

Hapo aliniweza.

Kidomo ndiye aliyejibu. Alikuwa ametoka ndani, macho bado mekundu.

"Shangazi, toka hapo. Utajikuna tena."

"Rudi ndani wewe!"

"Mama, shangazi akivua glavu anajikuna mpaka anaongea peke yake."

Wifi huvaa glavu nyeupe ndefu, hadi kwenye viwiko. Sote tulidhani ni maringo ya kazi. Nikamdaka mkono, nikaivuta moja.

Ngozi ilikuwa imepasukapasuka kama tope la bwawa lililokauka.

"Nimerogwa," akanong'ona. "Ni yule mwanamke aliyemchukua mume wangu. Mganga kathibitisha."

"Wifi, hakuna aliyekuroga. Umejiroga mwenyewe, na maji ukamwagilia."

"Natumia dawa lakini. Mganga alisema nichemshe majani machungu yaliyoota karibu na mlango wangu, niyaogee."

Nikautazama mlango wake. Nikatazama kilichoota karibu nao.

"Unaogea hili?"

Kabla hajajibu, Kidomo akadakia, tena kwa kujisifu: "Hata mimi shangazi ananiogesha, ukienda kazini! Yanawasha, lakini amesema dawa ikiwasha ndiyo inafanya kazi."

Nikamvuta Kidomo mbali na magugu.

"Nilimwona anateseka," wifi akasema, macho chini. "Nikajua si gugu, ni husda imemfikia na yeye. Ningemwacha, wifi? Sina mtoto mwingine zaidi ya huyu."

Nilikuwa na maneno mengi, na hakuna hata moja linalofaa kuandikwa hapa. Nikauliza swali moja tu.

"Siku ile aliyobanwa kifua, ulikuwa umemwogesha?"

Akaitikia kwa kichwa. Ndiyo.

Kisha akainuka mwenyewe, akatoa simu.

"Halo, mama wa bibi harusi? Vile viua vyeupe havipo. Hapana, havijachelewa. Ni sumu. Ndiyo, nimesema sumu. Naweza kukupambia kwa majani ya mitende na vitambaa. Hutaki, tafuta mwingine."

Akakata.

"Kasema nini?" nikauliza.

"Katukana. Kesho sijui kama nina kazi." Akafuta pua kwa bega. "Magunia yako wapi?"

Kidomo nilimpeleka kwa jirani, akaondoka anahoji kwa nini yeye ndiye akose uhondo. Mimi na mume wangu tukajifunga pua, tukavaa glavu za mpira, tukang'oa mche mmoja mmoja pamoja na mizizi yake, maua tukiyaingiza kwenye magunia polepole yasitimue vumbi. Wifi nilimkataza kugusa hata jani. Akajifunga matambara mikononi, akampokonya kaka yake jembe, akachimba shimo kwa ari ya mtu anayemzika mume wa zamani.

Tukafukia. Tukaoga maji matupu. Nikawapakia wifi na Kidomo, moja kwa moja kwa daktari.

Sasa nisikilizeni, nina nguo za kufua. Ukiliona gugu karoti, ling'oe kabla halijachanua, mikono na pua vikiwa vimefunikwa, na urudi tena na tena kuliwinda. Na mtu akikuogeshea mtoto, uliza maji yana nini.

Uliza hata kama anampenda kukuzidi wewe. Huyo ndiye wa kuulizwa kwanza.